Blanketi Halifungiwi Sandukuni

Mmeniomba niwaandikie juu ya kusafiri, ninyi mnaojiandaa kwenda vyuoni, nami nimecheka mpaka mke wangu akachungulia mlangoni kuona nimepatwa na nini. Katika Makambako nzima hakuna mtu anayechukia safari kama mimi. Nikitumwa msibani Kitandililo, hapa jirani tu, naaga kama mtu anayevuka bahari, na nikirudi nalala siku nzima. Lakini ni kweli kwamba enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa kituo cha malori hapa njia panda, pale barabara ya Njombe inapokutana na ile ya kwenda Iringa na Mbeya. Kila Januari wanafunzi wa nyanda hizi walipita mbele ya meza yangu. Niliwaona wakipanda, niliwaona wakirudi, na wachache sikuwaona wakirudi. Ninalolijua juu ya safari nimelijulia kitini, karibu na jiko la mkaa. Nadhani ndipo mahali pazuri pa kujifunzia, maana aliye juu ya lori ana vumbi machoni.

Basi someni polepole, na mkichoka mpumzike. Mimi nilichoka kabla sijaanza.

Safari za kwangu mwenyewe zilikuwa chache, za kwenda na kurudi sekondari, na ya kwanza ilitosha kuniondolea hamu. Mama alikuwa amenipatia blanketi jipya. Kwetu blanketi jipya halikutumiwa njiani. Lilitakiwa lifike shuleni likiwa na mikunjo yake ya dukani, ili wageni wajue kwamba huku nako watu hulala vizuri. Kwa hiyo liliwekwa chini kabisa ya sanduku la bati, juu yake nguo, juu ya nguo maharage, kisha kufuli, na ufunguo nikavikwa shingoni kwa uzi. Sanduku likatangulia kupakiwa. Juu ya sanduku yakaja magunia ya magome ya miwati, ile miti ambayo magome yake hutumika kiwandani kulainisha ngozi, na juu ya magome tukapanda sisi wenye mablanketi, tukitetemeka kama vifaranga.

Mvua ikatukuta njiani. Kama hamjawahi kukalia magome ya miwati yaliyolowa, nawaambia yanatoa rangi kama chai iliyosahauliwa jikoni. Nilishuka shuleni nikiwa mweupe mbele na kahawia nyuma. Wenzangu waliniita Gome mpaka nilipomaliza, na mwalimu wa zamu naye akazoea, akawa anaita majina ya kweli, akifika kwangu anasema Gome. Nilipomaliza darasa la kumi nikatafuta kazi ambayo watu wengine wangesafiri na mimi ningebaki. Nikaipata.

Aliyenifundisha kazi hiyo alikuwa dereva, Bwana Sanga, Mkinga mfupi mwenye koti la jeshi alilorudi nalo kutoka vitani. Hakuwa mtu wa maneno. Ukimwamkia asubuhi, jibu lake unaweza kulipata saa nne. Wiki yangu ya kwanza alinikuta nikimpa mwanafunzi mmoja mawaidha marefu ya karani mpya, kwamba avae vizuri kwa sababu Dar es Salaam ni mji mkubwa. Sanga alinisikiliza mpaka mwisho, akatema mate pembeni, akasema, "Huyu hafiki Dar es Salaam leo. Leo anafika mahali lori litakapokufa. Mwambie avae nguo za hapo."

Nimelifikiria neno lile miaka yote, na sijapata la kuongeza. Ninyi leo mna mabasi yenye madirisha, lakini nayo yanakufa. Mtu anajiandaa kwa chuo, anapanga daftari, anapiga pasi shati la siku ya kwanza, na vyote anavifungia. Kisha gari linaharibika porini na yeye amebaki na shati alilovaa na njaa yake.

Kwa hiyo vitu vya njiani vikae mwilini. Karatasi ya kuitwa chuoni ikae ndani ya nguo, imefungwa kwenye kitu kisichopenya maji. Sisi tulitumia ngozi ya mbuzi iliyolainishwa. Chakula kiwe kikavu. Viazi vya kuchemsha na chumvi vinakaa, maziwa hayakai, na kuku wa kukaanga anakutafutia marafiki wengi kuliko unaoweza kuwalisha. Jina liandikwe ndani ya sanduku pia, siyo juu tu, maana kamba ya mkonge inafuta rangi. Juu ya lori tulikaa mbele, mgongo kwenye kibanda cha dereva, miguu ndani. Waliopenda kukaa nyuma kabisa ili wapungie watu walipungia kweli, na wengine walipungia wakiwa hewani. Na mto ukiwa umejaa, shuka. Usione haya kushuka. Dereva akikucheka, mcheke naye ukiwa umesimama ukingoni.

Wasichana niliwaambia wakae na mama mwenye mtoto mchanga na wajitolee kumpakata. Mama mwenye mtoto halali usingizi mzito, na hakuna mwanamume atakayejisogeza hapo bila kuulizwa ameumwa na nini. Na kiti cha mbele karibu na dereva usiyemjua, kikitolewa kwa huruma nyingi mno, kikataeni kwa adabu.

Halafu kuna ulanzi, pombe ya mianzi. Januari mianzi inagemwa, na ulanzi unawatembelea madereva kama wajomba. Sikuweza kumnusa dereva kila mmoja kama mbwa wa polisi, kwa hiyo nilikuwa na dawa yangu. Namsogelea, namuuliza swali lenye jibu refu, kwa mfano ni njia gani nzuri ya kufika Tabora wakati wa masika. Akimaliza kunijibu nimeshajua kila kitu, na njia ya Tabora vilevile, ambayo sikuwa na mpango wa kuipita hata mara moja.

Kijana mmoja wa hapahapa, jina nitalificha kwa sababu siku hizi anahubiri, alitaka kumpelekea mjomba wake ulanzi Dodoma. Akautia ndani ya debe, akaziba kwa gunzi na nta, akakaza kwa kamba, akalala juu yake. Mtu yeyote wa huku anajua ulanzi haulali. Unaendelea kuchemka wenyewe, na ukiunyima pa kupumulia unapatafuta. Ulipapata karibu na Iringa. Aliripoti katika chuo cha misheni akinuka klabu kuanzia nywele hadi vyeti, na mkuu wa chuo, mzungu asiyegusa hata soda, akamfanyia sala ndefu kabla hajamuuliza jina.

Nacheka, lakini kulikuwa na yule wa Wanging'ombe. Alikuwa anakwenda kusomea uganga wa hospitali, kijana mpole, blanketi lake limefungiwa sandukuni kama langu. Lori la Sanga lilikwama kwenye matope, mvua ikawanyeshea mchana kutwa na usiku. Alishushwa Iringa akiwa hawezi kusema, mapafu yamejaa, na sanduku lake ndilo lililorudi. Baba yake alipokuja kulichukua hakulifungua hapa. Tangu siku hiyo Sanga hakumpakia mtu nyuma ya lori lake asiyekuwa na blanketi mkononi. Hakulitangaza. Alikuwa anapita tu kukagua abiria, na asiyekuwa nalo anaambiwa ashuke, awe mwanafunzi, awe jumbe.

Sasa ndipo nifike kwa Tabitha, ambaye ndiye aliyenifanya nikubali kuandika, maana kwa mengine yote ningewatuma kwa watu wenye nguvu.

Tabitha alitoka Mdandu, binti wa Mzee Mlowe, mzee wa kanisa aliyevaa kofia ya brashi iliyokwisha manyoya. Alikuwa ameitwa chuo cha ualimu, mbali, mbele ya Dodoma. Walifika asubuhi, mvua ya ukungu ikinyesha, mzee akisukuma baiskeli yenye sanduku kwenye keria na binti akilishikilia kwa nyuma. Wote wawili walikuwa wamelowa. Tabitha alikuwa na gauni na sweta jembamba lililokuwa limeshindwa kufika kwenye viganja. Akaniamkia Kamwene, nikaitikia, nikawaonyesha jiko.

Siku hiyo haikuwa ya kuchezea. Mvua zikizidi, serikali ilikuwa inashusha vizuizi na kuzuia malori barabarani mpaka pakauke, na habari zilikuwa kwamba vizuizi vitashushwa wakati wowote. Lori la Sanga ndilo lililokuwa linaondoka. Na chuo kilikuwa kimeandika wazi kwamba asiyefika siku ya kufungua, nafasi yake inapewa mwingine. Binti alinionyesha mstari huo kwa kidole, pengine akidhani nitausahau.

Wanafunzi wengine walikuwa wamekwisha panda na masanduku yao. Niliwaambia watoe mablanketi kabla hayajafunikwa na mizigo, wakanijibu "ndiyo Karani" kwa sauti ile mnayowajibu wazazi wenu. Wawili waliotoka upande wa Njombe walionyesha mablanketi kwa Sanga alipopita, halafu alipogeuka wakayarudisha masandukuni yasilowe. Hilo nilikuja kulijua baadaye.

Nikamwambia Tabitha naye atoe blanketi lake.

"Mimi sisikii baridi, Baba," akasema, na meno yakagongana katikati ya sentensi.

Mzee Mlowe akadakia kwamba atalitoa Iringa. Mimi nikashika mkono wa sanduku nilisogeze kwenye mizani, likanishinda. Hapo nikatoa utani wangu wa kila siku, ambao nilikuwa nimemtania kila mzazi aliyepita pale tangu niajiriwe.

"Mzee, mtoto mmempakilia mawe?"

Kwa kawaida watu hucheka. Hakuna aliyecheka. Binti alitazama chini, na mzee akavua kofia, akaikung'uta maji ambayo hayakuwapo tena, akaivaa.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu. Mtoto akiitwa chuo, usharika wote ulimsindikiza. Sanduku lilibebwa kutoka nyumbani hadi kanisani kwa nyimbo, na wazee walipokezana kulibeba, na kila aliyelipokea alilipima kwa mabega. Sanduku zito, mtoto amefungashiwa, nyumba yake inajiweza. Sanduku jepesi, watu walikwenda nyumbani wakarudi na vitu, huyu kanga, huyu njegere, huyu blanketi, na hapakuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kwa baba. Yeye alipaswa kusimama mbele na kupokea, halafu kila Jumapili akawakuta walewale kwenye benchi.

Sanga akaja kukagua. Akamtazama Tabitha mikono, akanitazama mimi. "Huyu hapana," akasema, akaenda kuangalia magurudumu.

Nikasema kwa sauti kwamba sanduku hili ni zito mno, litapimwa stoo, kwenye mizani kubwa. Stoo haikuwa na mizani kubwa. Nilimwomba Mzee Mlowe anisaidie, tukaliburuza ndani, nikafunga mlango. Binti akabaki kwenye jiko.

Mzee hakukaa. Akasimama kati yangu na sanduku.

"Bwana Karani, wewe una ya kwako nyumbani. Ya kwangu niachie."

"Mzee, mimi sifungui sanduku la mtu. Ila yule bwana hatampakia. Na akimpakia, mimi ndiye nitakayepokea sanduku likirudi. Nimewahi kulipokea moja."

Mvua ilikuwa inagonga bati, na nje utingo alikuwa anakaza kamba za turubai. Kisha akainama akalifungua mwenyewe.

Juu palikuwa na gauni moja, Biblia, na njegere kwenye kitambaa. Chini palikuwa na jiwe la kusagia, lile kubwa, limevunjika pembeni, na mtoto wake, lile dogo la kusagia kwa mkono. Yalikuwa ya marehemu mama yake Mzee Mlowe. Aliyavingirishia gunia ili yasigonge bati wakati wa kubebwa.

"Walilibeba wote," akasema. "Mchungaji alilibeba. Wakasema Mlowe amejitahidi."

Nyuma ya mlango wa ofisi yangu palikuwa na blanketi langu la kazini, la kijivu, zito, pana kama shamba, nililojifunikia magoti kuanzia Mei hadi Agosti na siku zote za mvua. Nililipenda kuliko ilivyo halali. Nikaenda nikalileta. Mzee alipoliona tu akanyoosha mkono kunizuia, akasema wao si watu wa kuombaomba.

Nikamwambia hakuna aliyeomba. Nikamwambia mke wangu amenisumbua mwaka mzima anataka jiwe la kusagia, la zamani, lililokwisha kulainika, na haya mapya ya siku hizi yanatia mchanga kwenye unga. Kama ananiachia jiwe, achukue blanketi, na ajue ananipunja kidogo kwa sababu limevunjika pembeni.

Akanitazama. Alijua kwamba nasema uongo, nami nilijua kwamba anajua. Lakini lile neno la kunipunja lilimsaidia.

"Pembeni tu," akasema. "Katikati ni zima."

"Nimeona. Basi tumeelewana."

Tukabaki na shida nyingine. Sanduku lililoingia stoo likiburuzwa na wanaume wawili sasa ningeweza kulibeba kwa vidole, na nje palikuwa na lori zima la watu, wengine wa Mdandu hukohuko. Nilikuwa bado natafuta kitu cha kulijaza Sanga alipofungua mlango kuuliza kama tumelala. Akaona mawe sakafuni. Akaliona blanketi begani mwa mzee. Akaliinua sanduku kidogo, akaliweka chini.

Alitoka nje, akamtuma utingo akachote maji ya rejeta, asije akalipokea sanduku, akarudi. Akashika mkono mmoja wa sanduku, akanionyesha kwa kidevu nishike wa pili.

Wanangu, sijawahi kuona mtu akibeba kitu chepesi vile kwa taabu vile. Sanga, ambaye gunia la pareto alilirusha kwa mkono mmoja, alitoka mlangoni miguu ikiwa imepinda, mishipa imemsimama shingoni, akisimama kila hatua chache kupumua. Mimi ikabidi niguse ardhi kwa goti ili nisimwangushe katika mchezo. Tulipolifikisha kwenye bodi la lori alilisukuma kwa bega, akajipangusa uso, akamgeukia Mzee Mlowe mbele ya watu wote.

"Mzee, siku nyingine muwe mnagawa mara mbili. Sisi ni watu wazima."

Mzee akasema kwamba ni mambo ya shule tu.

Kisha akamvika binti yake blanketi. Tabitha aliligusa, akauliza kwa sauti ndogo ni la nani.

"La kwako. Panda."

Akapanda, akakaa mbele, mgongo kwenye kibanda, kama nilivyomwelekeza. Hakupunga mkono, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika blanketi lisifunguke. Mzee alisimama barazani mpaka mlio wa lori ukaisha, akakataa chai yangu, akapanda baiskeli yake kurudi Mdandu. Jioni mimi nikabeba mawe ya kusagia mpaka nyumbani. Mke wangu alikuwa nayo mengine mawili na hakuwa amenisumbua hata siku moja. Lile kubwa akazuilia mlango wa banda la kuku, na hakuniuliza kitu, jambo ambalo ni baya zaidi kuliko kuulizwa.

Vizuizi vikashushwa. Siku zikapita bila lori kutoka Iringa, nami nikakaa kwenye jiko magoti yakiwa wazi, nikifikiria matope ya huko mbele. Mzee Mlowe alikuja siku moja, akakaa barazani, hakuuliza. Akaja tena. Mara hiyo ya pili Sanga alikuwa amerudi alfajiri, lori limepakwa udongo mpaka kwenye taa, na yeye ana kikohozi.

Walikuwa wamekwama, akasema. Kulikucha wakiwa palepale. Wale wawili wa Njombe mablanketi yao yalikuwa chini ya mzigo. Tabitha alifika chuoni siku ile ile iliyotakiwa, kwa basi la kutoka Iringa.

"Na usiku huo?" nikamuuliza.

Sanga alikuwa anavua buti. Akamalizia la kwanza, akaanza la pili.

"Aliwaita wale wawili. Lile blanketi lilitosha watatu."

Mzee Mlowe akarudia, "Watatu?" Akauliza kama ni kweli kwamba wale wengine walikuwa na mablanketi mapya sandukuni. Sanga akasema kweli. Mzee akanyanyuka, akaweka kofia yake sawa, akaenda sokoni, na kutoka kitini kwangu nilimsikia akimweleza muuza viazi, halafu fundi baiskeli, halafu watu wa Mdandu waliokuja kuuza njegere, kwamba binti yake aliwafunika watoto wa Njombe kwa blanketi lake. Alisema hivyo, blanketi lake. Nikachochea mkaa, nikavuta jiko karibu na magoti.

Mkinunua blanketi, nunueni pana.